Tramu Imekwisha Kuujenga Mtaa Wetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, Waheshimiwa Wajumbe, Wakuu wa Idara, Makaimu wao, Makaimu wa Makaimu, wazee wetu, akina mama, vijana, na ninyi mliosimama kwa kuwa viti vimekaliwa na msafara wangu: itifaki imezingatiwa. (Makofi, hasa kutoka kwenye msafara.)

Naomba niwaeleze taratibu, kwa faida ya wasiosoma sana, jinsi tramu inavyouendeleza mtaa. Tramu ni gari la umeme lipitalo juu ya reli katikati ya barabara. Sasa, kituo cha basi unaweza kukihamisha, lakini reli haihami. Kwa hiyo mwekezaji huiamini, akiiamini hujenga, akijenga mtaa hupendeza, na mtaa ukishapendeza, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, wakazi wake huhama kwa furaha. (Sauti: "Furaha ya nani?")

Matokeo chanya tunayo. Tangu nilipotangaza mradi huu katika kikao shirikishi ambacho nilishiriki mwenyewe, kodi za nyumba zimepanda kwa asilimia sitini, kinyozi wa kona amejipandisha cheo kuwa Saluni ya Kimataifa, na banda la mkaa linaitwa Stesheni Plaza, haya yote kabla ya kufungwa hata boliti moja ya reli! Wapi mmeona maendeleo yakitangulia chombo chenyewe? (Vicheko.)

(Fundi cherehani anasimama, futi ya kupimia ikiwa shingoni: "Mheshimiwa, mlango wangu umepigwa alama nyekundu ya X, nimepewa siku saba. Nihame au nisihame?")

Mama yangu, swali lako nimelipokea kwa mikono miwili. Katika ramani iliyoko ofisini kwangu, mstari mwekundu wa tramu umekatiza chumba chako cha kushonea. Niliufuata mwenyewe kwa kidole. (Sauti kutoka nyuma: "Kwa kidole kinene hicho, baba, si ungevunja mtaa mzima!" Vicheko virefu.)

Tucheke, lakini tusonge mbele. Tramu! ("Ije!") Reli! ("Iko wapi?") Hiyo siyo kaulimbiu tuliyoipitisha.

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wadau wote, na kwa namna ya pekee mchoraji wetu wa ramani, aliyeninong'oneza sasa hivi hapa jukwaani kuwa mstari ule mwekundu ni mpaka wa zamu za gari la taka, upande huu Jumatatu, upande ule Alhamisi, na kwamba mradi wa tramu haujawahi kuwepo katika faili lolote. Kwa hiyo, mama, usihame. Alama ya mlangoni ifute tu kwa mafuta ya taa.

(Fundi: "Na kodi iliyopanda, Mheshimiwa, nayo niifute kwa mafuta ya taa?")

Kodi, mama yangu, ni maendeleo, na maendeleo hayarudi nyuma. Asanteni sana kwa kunisikiliza.