Starlet Yenye Breki za Gari Kubwa

Jumatatu, 4 Agosti

Mkutano wa familia kwa binti yangu Warigia, Kahawa Sukari. Habari njema. Kijana wake Zacharia, mjukuu wangu, anafanya ruracio, ile sherehe ya kupeleka mahari, Jumamosi ya wiki ijayo. Mahari inaenda Gatuanyaga, huko mbele ya Thika. Familia ya msichana hawanijui bado. Watanijua.

Msemaji wetu ni mimi. Kura haikupigwa, lakini ingepigwa ningeshinda.

Halafu mambo ya msafara. Nikasema gari ya kwanza ni ya msemaji, hiyo iko wazi. Shemeji yangu Githae, ndugu ya bibi yangu Wamboi, akakohoa. Huyu mtu akikohoa ujue kuna maneno. Akasema ati Starlet yangu ni nzuri, lakini ukikanyaga breki Jumatatu inasimama Jumanne. Watu wakacheka. Hata Wamboi. Aligeuza uso lakini niliona mabega.

Uongo mtupu. Inasimama siku hiyo hiyo.

Githae akasema yeye yuko tayari kuongoza. Na kwa vile mwenye kuongoza ndiye hufika langoni kwanza, basi ataongea pia, asitusumbue. Asitusumbue! Warigia akatoa amri: "Baba, tengeneza hiyo breki, nikuje nione na macho yangu. Usipotengeneza, anko Githae ataongoza na ataongea. Wewe utakaa kwa gari yake, nyuma."

Nyuma! Mimi niliyeendesha lori la kahawa wakati mashamba yalikuwa mashamba!

Jumanne, 5 Agosti

Kwa Nzioki, fundi, Mwiki. Akaingia chini ya gari, akatoka, akasema ni kitu kidogo. Pad mpya, mafuta mapya ya breki, na mchana niko nyumbani.

Nikamwambia sikuja kwa kitu kidogo. Nataka breki kubwa. Za gari kubwa. Akasema mzee, gari ndogo breki ndogo, ndivyo iliumbwa. Nikamuuliza kama mtu mfupi hula kidogo. Yeye mwenyewe ni mfupi na anakula sana.

Akaniambia basi nikanunue, lakini nimtajie muuzaji jina la gari yangu, nisije nikapewa vitu vya gari ingine. Nilimsikia. Kusikia na kutii ni ndugu, lakini si mapacha.

Alhamisi, 7 Agosti

Thika, kwa wauza spea za mitumba. Mwenye duka anaitwa Ayub. Kofia safi, heshima tele. Alinipa shikamoo, kitu ambacho kwetu Ruiru bado hakijafika.

Akaniuliza breki ni za gari gani. Sasa hapo dukani kulikuwa na wanaume wengine wanasikiliza, na mmoja alikuwa anazungusha funguo ya gari kubwa kidoleni. Sikuweza kutamka Starlet mbele ya mtu kama huyo. Nikasema ni za gari ya familia, kubwa kubwa hivi, rangi ya maziwa. Rangi ni ukweli.

Ayub akaleta diski mbili kama sinia za pilau, pamoja na kalipa, hiyo mashine ya kubana diski ndiyo gari isimame. Akasema, "Mzee, hizi zinasimamisha ndovu." Nikanunua papo hapo. Kalipa zilikuwa na kutu kidogo. Hata mimi niko na kutu kidogo na ninafanya kazi.

Nikazibeba kwa gunia. Wamboi aliona gunia akafurahi, akidhani ni viazi. Furaha ilikuwa fupi.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya kufunga. Nzioki akaangalia ndani ya gunia, akaniangalia, akaangalia Starlet, akavua kofia kama mtu yuko matangani.

Bolti zikakataa. Nikaita mtu wa kuchomelea, akatengeneza chuma cha kushikilia hizo kalipa. Mimi nilisimamia kazi yote. Bila mimi wangemaliza mapema, lakini vibaya.

Wakati wa kurudisha magurudumu, haiya! Hayaingii! Breki imejaa, rimu ni ndogo. Ni kama kuvalisha sufuria ya sherehe kofia ya mtoto. Nzioki alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hongera mzee, sasa uko na breki ya kusimamisha kila kitu, na huna gurudumu la kusimamishwa.

Saa hiyo hiyo Githae akapita. Nani alimwambia? Akakuta gari imewekwa juu ya mawe. Akaizunguka pole pole, mikono mgongoni, kama daktari wa ng'ombe. Akasema, "Kweli umetengeneza, shemeji. Hii haitawahi kugonga mtu."

Nilikuwa nimekaa kwa usukani. Nikawasha indiketa, ajue niko na kazi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeshinda! Jirani yangu Tahir, mwenye teksi, alikuwa na rimu mbili kubwa ameegemeza kwa banda la kuku. Amenipa. Kuku hawakufurahi.

Ni mbili tu, kwa hivyo mbele ni kubwa na nyuma zimebaki zile ndogo. Si neno. Nyuma hakuna mtu huangalia. Gari sasa imeinua pua kama mtu amesikia harufu ya nyama choma. Wamboi akaketi ndani kidogo, akasema ni kama kiti cha daktari wa meno, haoni barabara, anaona mawingu tu. Nikamwambia kuna watu hupanda ndege kwa sababu hiyo.

Jumanne, 12 Agosti

Warigia amekuja kuona na macho yake. Akaja na Githae, ati shahidi.

Nikarudi nyuma mpaka mwisho wa barabara yetu. Nikaja na mwendo. Nikakanyaga.

Gari ilisimama. Mimi niliendelea kidogo. Kofia yangu iliendelea zaidi, na meno yangu ya kubandika yalipatikana juu ya dashibodi. Huko nyuma yale magurudumu madogo yaliinuka, yakapungia watu mkono, yakarudi chini.

Warigia akasema, "Ngai! Baba, breki iko." Githae akakohoa bure. Nitaongoza! Nitaongea! Siku kubwa kwa ukoo wetu.

Kuna mambo mawili madogo. La kwanza, Warigia amesema hakuna mtu ataruhusiwa kupanda gari yangu, na nimeona hakuna mtu aliyelalamika. La pili, Nzioki ameona hizo kalipa zinashika vizuri lakini zinachelewa kuachilia, ati kutu imeingia ndani. Nimrudishie gari Alhamisi azifungue. Kuachilia! Mimi niliomba breki. Sikuomba kuachilia.

Ijumaa, 15 Agosti

Jana sikuenda kwa Nzioki. Nilikuwa na kazi muhimu. Kuosha gari, kuifunga ribini za msafara, na kujizoeza hotuba mbele ya kabati.

Leo breki ilishika pale rundabauti na ikakataa kuachilia. Nikatulia ndani, nikasoma gazeti hadi kurasa za matangazo ya vifo, ikapoa, ikaachilia yenyewe. Gari yenye akili hupumzika. Watu nyuma yangu walipiga honi sana. Naona ribini za msafara ziliwafurahisha.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimechoka, lakini lazima niandike ukweli kabla Githae hajatembeza wa kwake.

Tulitoka Ruiru asubuhi. Mimi mbele, nyuma yangu Githae, halafu wengine wote. Abiria wangu alikuwa mwati, yule kondoo jike mchanga wa mahari. Watu walikataa kupanda, na yeye hakuulizwa.

Desturi ya kufika ni moja. Lango linafungwa. Wamama wa upande wa msichana wako ndani wanaimba, wanatutukana kidogo. Sisi tunasimama nje, tunaimba, na msemaji anabembeleza mpaka wafungue. Mpaka hapo hakuna mguu unaingia.

Wengine wakasimama mbali, kule barabarani. Woga. Mimi nikasema hawa watu lazima wajue nani amefika. Nije na mwendo, nisimame karibu na lango hivi, kama unyoya. Nikaja. Mtu mmoja wa ndani akasikia injini, akadhani ni gari ya vyakula, akafungua lango.

Nikakanyaga! Na breki ikashika! Gari ikasimama katikati ya lango, pua ndani, mkia nje. Nguzo moja kwa mlango huu, nguzo ingine kwa mlango ule. Mwati alitoka kiti cha nyuma akaja kukaa na mimi mbele.

Kuachilia, ikakataa. Mbele hapana, nyuma hapana. Wimbo ukakatika.

Akaja Maggie, shangazi ya msichana, ndiye huongoza wimbo, sauti kama spika ya krusedi ya injili. Akanichungulia. Akatangazia watu wote ati wageni wameleta nusu mzee. "Nusu ya mbele ni yetu! Ya nyuma rudini nayo Ruiru!" Vigelegele.

Nikaanza hotuba kupitia dirishani. Babake msichana, Mzee Gachoka, akainua fimbo. Akasema msemaji hubembeleza akiwa nje, na mimi mdomo wangu tayari uko ndani. Kichwa kiko kwao, kwa hivyo mimi ni mtu wao. Walio nje watafute msemaji mwingine. Wazee wakashauriana, wakakubali wote. Wazee wetu pia!

Githae hata hakukohoa. Alikuwa tayari. Akaegemea mlango wa nyuma wa gari yangu kama mimbari, akabembeleza juu ya paa langu mpaka wamama wakacheka na kukubali. Aliongea vizuri. Hapana. Aliongea sawa tu.

Warigia akaja akaniomba, machozi karibu, "Baba tafadhali, pitia huku nyuma, pa mizigo, utoke." Nikakataa. Sikuja kwa watu nitolewe kama gunia. Basi wakakata fensi ya michongoma hapo kando, wageni wote wakapita. Cucu mmoja, nyanya wa watu, aliacha nusu ya shali huko, akaniangalia na jicho sitaki kuliandika.

Waliniletea mukimo na nyama dirishani. Mwati akala mukimo.

Wakati wa neno la mwisho, Githae akasimama mbele ya wazee. Breki nayo ikapoa, ikaachilia. Uwanja wao unateremka. Mkono mmoja ulikuwa na sahani, mwingine na mfupa. Starlet ikaingia pole pole katikati ya viti, kwa adabu kabisa, mimi na mwati mbele kama maharusi. Watu wakainua miguu. Mwishowe nikapata pedali, nikakanyaga, ikasimama palepale kwa meza ya wazee. Meza haikuguswa! Nilingoja makofi.

Maggie ndiye alianza: "Kilichopita lango siku ya mahari hakirudi!" Wamama wakaitikia. Mzee Gachoka akacheka, halafu akaacha kucheka, akaiangalia gari. Akauliza msemaji wetu kama hiyo ni sehemu ya mahari. Nikafungua mdomo. Akasema swali ni la msemaji.

Githae akaniangalia. Akakohoa. Akasema ndiyo.

Mahari ikapokelewa yote, bila faini. Zacharia akakumbatiwa na wakwe. Kila mtu akasema ruracio kama hiyo hawajawahi kuona. Nilirudi kwa gari ya Githae, nyuma. Breki zake ni laini, hata husikii kama amesimama. Sasa hiyo ni breki?

Jumapili, 17 Agosti

Mzee Gachoka amepiga simu kabla ya kanisa. Alijaribu kusogeza gari, ikashika mbele ya zizi. Ng'ombe hawawezi kutoka. Akasema kwa heshima kwamba familia yao imetosheka na mahari, hakuna deni, na tafadhali tuje tuichukue leo.

Wamboi, aliyekuwa karibu, akasema asante Mungu. Mimi nikasema hapana. Cha mahari ni cha mahari, mimi sivunji desturi za watu.

Lakini nikamtuliza Mzee Gachoka. Nimefikiria sana na nimejua kosa liko wapi. Breki kubwa ziko mbele peke yake! Nyuma bado ni zile ndogo, sasa hazisikilizani, moja inavuta na ingine inalala. Dawa ni kuweka kubwa nyuma pia. Kubwa kuliko za mbele. Kesho naenda Thika kwa Ayub, na nitamwambia ni za lori. Jumanne niko kwake Gatuanyaga na vyombo vyangu, tutaifanya pamoja, yeye ashike tochi.

Mzee Gachoka akakataa. Akakataa tena, akisema sana. Halafu simu ikakatika.

Mtu wa adabu kweli. Hataki kunisumbua. Jumanne nitafika mapema.