Mikwiro ya Uzi na Mbao Nene Zangu

Jumatatu, 4 Agosti
Mazoezi yamekwisha vibaya. Kwangu, si kwa wengine. Bi Zuhura, kiongozi wa kikundi chetu cha ngoma hapa Likombe, alisimamisha marimba katikati ya wimbo na kuuliza ni nani anaezeka paa. Nilikuwa mimi. Sikuwa naezeka paa. Nilikuwa napiga mbao nene, zile za sauti ya chini zinazoubeba wimbo wote. Ni zangu tangu kikundi kianze. Mbao nyembamba hupigwa na Hashimu, fundi simu, mtu mwenye maneno mengi kuliko wateja.

Kosa ni mikwiro yangu. Vijiti vitupu vya kupigia, vya mti mgumu, kichwani hamna kitu. Hashimu akasema vimefanana na mwenyewe. Kisha akatoa simu, akatuonyesha watu wa nchi za mbali wakipiga marimba kwa mikwiro iliyozungushiwa uzi kichwani. Uzi mwingi na laini kwa mbao nene, uzi kidogo uliokazwa kwa nyembamba. Sauti ikatoka nzito, ya upole, kama mtu anayekuita ukale. Bi Zuhura akafumba macho. Nikajua nina kazi.

Uamuzi wake: Ijumaa kila mmoja wetu alete mikwiro ya uzi. Mwenye sauti nzuri ndiye atakayepiga mbao nene Jumamosi, kwenye harusi ya mpwa wake Shadya kule Mtawanya. Nikawaambia sina wasiwasi. Mimi nashona viti vya bajaji, uzi ni ndugu yangu. Hashimu akajibu kuwa kwa viti alivyovikalia yeye, huyo ndugu na mimi hatusalimiani.

Jumanne, 5 Agosti
Sokoni mapema, dukani kwa Athumani anayeuza nyuzi za kufumia. Sikujua dunia ina nyuzi nyingi hivi. Nikaminya. Nikanusa. Nikazungusha moja kwenye kidole gumba na kugonga meza, kisha ndoo, kisha paja langu. Athumani akauliza kama nanunua uzi au nauposa. Nikamwambia akae kimya nasikiliza.

Nikiwa nasikiliza, akaingia Hashimu. Akachukua donge la pamba jeupe bila hata kuliminya, akalipa, akatoka. Mtu hana mapenzi na kazi. Mimi nimechagua ule mwekundu wa manyoya, ambao madukani wanauita sufu ingawa kondoo hajawahi kuuona. Unang'aa. Laini kama shavu la mtoto. Nimerudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

Jumatano, 6 Agosti
Leo sikushona kiti hata kimoja. Wenye bajaji wamekuja wawili, nikawaambia fundi ana udhuru.

Kwanza nimekata mpira wa tairi, nikautengeneza duara, nikauchomeka kwenye kijiti. Kisha uzi. Jozi ya kwanza imetoka kubwa kama maboga. Nimepiga ubao: hakuna sauti. Ni kama kuupiga mto kofi. Jozi ya pili uzi kidogo, paa limerudi. Jozi ya tatu nimezungusha taratibu, kila mzunguko naukaza kidogo tu, nikifika juu nalegeza. Nimepiga.

Duuu.

Nimepiga tena. Duuu. Imeingia kifuani ikakaa. Nimekimbia ndani na mikwiro, nikagonga meza, mlango, pipa la maji, kila kitu kinasema duuu. Mke wangu, Mama Husna, alikuwa anachekecha unga. Akaacha. Akasema hiyo sasa ndiyo sauti ya mtu mzima. Akasema pia niishie hapohapo, nisiguse tena kitu, maana ananijua.

Ananijua vipi? Miaka yote hii hajanijua.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepita nyuma ya nyumba ya Hashimu. Kwa bahati tu, nilikuwa natafuta kuku. Hatuna kuku. Anafanya mazoezi na pamba yake. Ni nzito. Ni nzuri. Haifikii yangu, ila inaifuata kwa karibu mno na mimi sipendi kufuatwa.

Nikarudi nimeinama. Ndipo, karibu na msikiti, wazo likanishika hadi nikasimama katikati ya njia na bodaboda akanitukana. Sisi huku kabla ya kucheza tunapasha ngoma moto. Ngozi inakaza, sauti inafunguka. Ngoma isiyoota moto ni debe. Kila mtu anajua hilo. Sasa nani amewahi kupasha mikwiro moto? Hakuna. Wale wa kwenye simu hawajafikiria. Hashimu hana hata habari.

Nimemwambia Mama Husna. Amesema ngoma ni ngozi na uzi ni uzi. Nimemwelewesha kuwa moto ni uleule.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumekutana uwanjani kwa Bi Zuhura baada ya swala. Migomba imekatwa, mbao zimelazwa juu yake, makuti yanawaka pembeni, ngoma zimezunguka moto. Nikaegemeza mikwiro yangu katikati ya ngoma mbili, karibu kidogo na moto kuliko zenyewe, ili ipate faida. Kisha nikaenda kumsalimia Hashimu na kumpa pole mapema.

Nikiwa bado kwenye pole, Bi Zuhura akanusa. Akauliza ni nani anachoma ndala. Kila mtu akatazama miguu yake. Mimi nikatazama moto.

Manyoya hayapo. Uzi umeyeyuka, umejikunja, umeganda. Vichwa viwili vyeusi, vidogo, vigumu kama kokoto. Hashimu alicheka hadi akakaa chini, kisha akalala. Bi Zuhura akasema, "Fundi Faraji, basi piga tukusikie, usione haya." Nikapiga ubao mnene. Ko. Nikapiga tena, labda ulikuwa haujawa tayari. Ko.

Hashimu akainuka, akafuta machozi, akapiga kwa pamba yake. Nisiseme mengi. Hata ngoma zilinyamaza.

Bi Zuhura akachukua mikwiro yangu na kuijaribu kwenye mbao nyembamba. Sauti ikatoka safi, kali, inaruka kama maji kwenye mafuta ya moto. Akasema imepata mahali pake, na mwenyewe pia. Hashimu mbao nene, mimi nyembamba. Nikamwambia ndivyo nilivyopanga. Akasema, "Eh, baba, tumeona."

Jumamosi, 9 Agosti
Harusi imefana. Shadya amependeza. Shangazi zake wamecheza hadi vumbi likaingia kwenye pilau. Nimepiga mbao nyembamba kwa kokoto zangu na zimesikika mpaka barabarani. Mama mmoja amekuja kuniuliza mikwiro hii nimeinunua wapi. Nikamwambia ni utaalamu wa moto.

Lakini kila wimbo ulipoanza, ulianzia kule kushoto. Duuu. Hashimu amefumba macho, anatingisha kichwa, watu wanamtazama yeye. Pale ndipo ninapokaa mimi. Tukiwa tunakunja vitu, akaniambia kwa upole kabisa kuwa anaweza kunifundisha kuzungusha uzi. Upole ndio umeniuma.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeamka na furaha hata sijui ilikotoka, kisha nikajua. Ngozi ya ngoma ikikauka tunaipaka mafuta ya nazi. Inalainika, sauti inakuwa tamu. Nani amewahi kupaka mikwiro? Hakuna.

Nimekwenda kwa Athumani kabla hajafungua vizuri, nimenunua pamba, donge jeupe kama la Hashimu. Nimezungusha jozi mpya. Sasa hivi imelala ndani ya sufuria, imezama hadi shingoni, inakunywa mafuta yenyewe bila kulazimishwa. Ijumaa ijayo mbao nene zinarudi kwangu, na Hashimu nitamfariji.

Mama Husna ameniuliza mafuta yake ya kupikia samaki yako wapi. Nimemwambia yako kazini.