Kitunguu cha Hortense na Amani ya Kambi Yetu

Shituru, Likasi, 12 Machi 1970

Bwana Prefe wa shule,

Pokea heshima zangu zote, pamoja na zile zilizopungua tangu Jumapili. Mimi ni Firmin Mwila, fundi wa mabomba kiwandani, baba wa Hortense wa mwaka wa tatu. Ninakuomba kwa unyenyekevu umtoe binti yangu kwenye sayansi, umpeleke ushonaji, kabla kambi yetu ya wafanyakazi haijavunjika. Sababu zangu ni hizi:

1. Mwalimu Alexis aliwaagiza watoto wajizoeze na kitunguu nyumbani. Mke wangu Marceline alikuwa na kimoja tu, alichokinunua sokoni Kikula kwa ajili ya samaki. Hortense alikipasua, akabandua ile ngozi nyembamba ya ndani, akaipaka iyodi ya zahanati, ile dawa ya vidonda. Mabaki yalirudi jikoni. Samaki wetu wa Jumapili alinuka kidonda.

2. Aliyoyaona kwenye mikroskopu ya shule aliyachora, akabandika karatasi ukutani. Vyumba vyembamba, mstari kwa mstari, na ndani ya kila chumba nukta moja. Shefu wa kambi alipokuja kukagua usafi aliitambua mara moja kuwa ni ramani ya kambi. Unajua, Bwana Prefe, jinsi wakubwa wanavyowapenda wachora ramani huku kwetu, na mgodi wa urani wa Shinkolobwe hauko mbali. Hortense alimjibu kwa adabu: «Papa shefu, ile haiko kampi, iko kitunguu.» Shefu aliandika kwenye daftari lake kwamba «kitunguu» ni neno la siri.

3. Majirani walikuja kutafuta nyumba zao, na wote wakazipata! Kwa Mama Rosalie, mstari wa tatu, peni ilikuwa imevuja, nukta zikawa mbili. «Huyu wa pili iko nani?» Mama Rosalie aliuliza. Mume wake Cyrille analala kwetu tangu siku hiyo.

4. Nyumba yangu ina vyumba viwili na watu tisa, kumi na Cyrille. Wadogo zake Hortense wameniuliza kwa nini kila nukta ya kitunguu ina chumba chake peke yake. Swali hilo nililibeba hadi kazini. Wenzangu wa zamu wanataka kuiandikia kampuni ituhesabu kuwa vitunguu, na karatasi hiyo wanataka niisaini wa kwanza.

Ninaogopa, Bwana Prefe, nasema wazi. Ninamwogopea msichana anayeona kitu akasema alichokiona. Kule ushonaji atachora magauni, na hakuna shefu atakayedai kwamba anaishi ndani ya gauni.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa lango, na nusu ya salamu umpe mwalimu Alexis.

Wako katika hofu na heshima,
Firmin Mwila

P.S. Barua hii nimeileta mwenyewe leo mchana, nikakuta ofisi yako imefungwa. Mwalimu Alexis aliniona nimesimama, akanikalisha mbele ya mikroskopu. Nimetazama mpaka shingo imeuma. Vyumba vipo kweli! Hortense hakuongeza kitu, ila lile doa la wino. Sikujua mtoto wangu ana macho ya namna hiyo, na nimejivuna peke yangu kama mjinga. Tafadhali mwache palepale alipo. Shefu nitaongea naye mimi, hata akiniandika daftari zima. Jumamosi darasa litatazama ngozi ya ndani ya shavu la mtu mzima, na Hortense ameomba liwe la baba yake. Nitakuja nimepiga mswaki.