Deki Nzito ya Mchikichini

Jumatatu, 2 Agosti 2004
Leo nimepiga bao! Bi Kuruthumu, mama yake Nasma, amenikabidhi kanda ya video ya harusi ya binti yake mkubwa, niihamishie kwenye CD. Humo ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mumewe, akimuusia bwana harusi. Kwingine haipo. Nasma alikuwa mdogo sana baba yake alipofariki, sauti yenyewe haikumbuki, na deki yao ya kuchezeshea kanda iliungua zamani. Nimemwambia mama asiwe na shaka, Ijumaa atamsikia mzee. Akaniita mwanangu. Mwanangu! Kutoka hapo hadi mkwe pamebaki padogo. Kompyuta ninayo hapa kwenye fremu yangu ya duka, Mtaa wa Sikukuu. Bado deki tu.

Jumanne, 3 Agosti
Nimeingia dukani kwa Paras. Kanitolea deki iliyotumika, kaweka kanda, picha safi. Nikainyanyua. Nyepesi kama sahani ya plastiki! Nikamwambia mimi si mtoto wa juzi, mali ya Japani hupimwa kwa mkono. Akasema deki hupimwa kwa kanda. Masikini Paras. Duka karithi, utaalamu hakurithi.

Na nyuma yangu nani? Idrisa, fundi redio wa Buguruni, ambaye naye anamnyemelea Nasma. Kaichukua ile nyepesi! Nilicheka mpaka barabarani.

Jumatano, 4 Agosti
Mchikichini, katikati ya viatu vya mitumba, nimeipata. Jamaa anayeuza aliinyanyua kwa mikono miwili huku akiguna. Nilipoipokea, kiuno kililia. Kuijaribu haikuwezekana, pale hakuna umeme. Wa nini? Uzito unajieleza. Nimeibeba begani hadi dukani kwa kuzungukia Mnazi Mmoja, makusudi, watu waione. Walinitazama kwa heshima.

Ijumaa, 6 Agosti
Wamekuja baada ya swala, mama na Nasma. Nikamwamkia mama, nikawahubiria kidogo kuhusu uzito, nikaingiza kanda. Deki ikanguruma. Kisha ikaanza kutafuna! Nilipoivuta kanda ilitoka tambi tupu. Bi Kuruthumu akashika kichwa, akasema nimemuua mumewe mara ya pili. Nasma akatoka mbio. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya muda Nasma akarudi na Idrisa, ile deki nyepesi kwapani. Idrisa akafungua yangu kwa bisibisi. Ndani, kipande cha marumaru ya sakafuni! Gundi imeachia, jiwe limelalia mtambo. Idrisa akakata palipotafunwa, akaunga, akaweka kanda kwenye deki yake. Haikunguruma. Halafu mzee akaonekana, kanzu na koti, akimwambia bwana harusi asimlaze mwanawe na njaa wala na kilio. Nasma akalia kwa kwikwi, akasema kumbe baba ana sauti nyembamba kama yake. Hata mimi yalinitoka, sifichi.

Lakini tuseme kweli. CD imetoka kwenye kompyuta ya nani? Nasma, akiwa mlangoni, alishukuru akitazama upande wetu. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango.

Jumatatu, 16 Agosti
Posa ya Idrisa imekubaliwa. Loh! Mchana Bi Kuruthumu kaja mwenyewe kunipoza: harusi nipige video mimi. Kanionya nisiiharibu, Nasma anataka wanawe waje kuiona. Nikanuna. Baadaye nikatafakari, nikachangamka. Mpiga video humkaribia bibi harusi kuliko bwana harusi mwenyewe. Lolote laweza kutokea.

Sasa kamera. Paras kanionyesha ya kiganjani, ati ndiyo mtindo wa siku hizi. Nikamrudishia kichezeo chake. Yule jamaa wa Mchikichini bado yupo, alifurahi mno kuniona. Anayo ya begani. Umeme bado hakuna. Ila safari hii mimi si mjinga: niliitikisa kwanza, nisikie kama kuna marumaru inayocheza ndani. Kimya kabisa. Imeshiba! Na uzito wake, mpaka sasa bega limevimba. Hii ndiyo yenyewe.