Bonge la Sumaku

Jumatatu, 4 Machi
Nimeosha chupa za maabara, sikio liko darasani. Mwalimu wa fizikia anawaambia wasichana kwamba kiini cha atomi kina uzito mdogo kuliko chembe zake zikipimwa mojamoja. Upungufu huo, kasema, uligeuka nishati ikatoka chembe zilipoungana. Ukitaka kuzitenganisha, sharti uirudishe yote. Miaka kumi na moja mimi ni mtunza maabara, hakuna aliyeniambia! Alhamisi anakuja mkaguzi. Nitamwonyesha kitu. Mwalimu atabaki mdomo wazi.

Jumanne, 5 Machi
Sumaku kumi na mbili, mojamoja: gramu 240. Nikazigandanisha. Gramu 231! Nikamkimbilia mwalimu. Kacheka hadi kashika mbavu. Kwa sumaku, kasema, tofauti ni ndogo mno, hakuna mizani duniani ya kuiona. Eti mizani yangu inaumwa. Nimeijaribu kwa mawe ya mizani ya shaba. Nzima kabisa. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Gramu 140. Sijazigusa! Maabara ina joto, madirisha wazi, hakuna kinachowaka. Nimemwita mtunza bustani tuzivute, yeye huku, mimi kule, mguu ukutani. Wapi! Kaweka sikio, kaachia, kanawa mikono mara mbili. "Kaka, hicho kitu kinapumua." Watu wa majani hawajui sayansi. Mwalimu naye kaja kupima. Mara tatu. Hakucheka.

Alhamisi, 7 Machi
Siku yangu! Bonge juu ya mizani, mbele ya mkaguzi: sifuri. Lipo, linaonekana, linashikika. Sifuri. Mkaguzi katafuta kivuli cha bonge mezani. Hakikuwepo. Kafunga faili, kaondoka bila kusaini, kofia kaisahau. Mwalimu kanong'ona kwamba uzito wote umetoka, umo humu chumbani, tunauvuta puani. Kafunga mlango, kachukua ufunguo. Eti kwa usalama wangu! Anataka sifa peke yake.

Ijumaa, 8 Machi
Ufunguo wa akiba ninao. Bonge liko mfukoni mwangu, nyumbani. Asubuhi nilikuwa kilo 81; mchana huu 64! Mke wangu kasimama uani na ufagio, kautazama mchanga, kauliza kwa sauti ndogo mbona nimepita bila kuacha nyayo. Nikamwambia asiogope, kitambi hicho kinaondoka. Analia. Furaha, bila shaka. Kesho nagandanisha jingine, la mama mkwe. Yeye ni kilo tisini na nane.