Ndege, Mistari Myeupe na Kifua Changu

Jumatatu, 8 Julai

Nimekamatwa na ndege. Barabara tupu mbele na nyuma, vioo nimevikagua kama mtu mwenye akili zake, ila juu sikutazama. Nani hutazama juu? Afisa Tuttle alinisimamisha karibu na maghala ya nafaka, akanieleza kwa upole kwamba rubani wao amenipima maili tisini kwa saa. Kosa moja zaidi, leseni inakwenda.

Bila leseni sina kazi. Mimi ndiye ninayewapelekea wakulima vipuri vya mashine za kuvunia, na ngano imeiva Nebraska nzima. Mzee Zelenka, mwenye duka, amesema nikipoteza leseni gari atampa Merle. Merle ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu LaVonne. Alikuwepo pale dukani anakunywa kahawa ya bure. Akaniambia, "Pole sana, shemeji." Uso haukuwa na pole hata chembe.

Jumanne, 9 Julai

Ndege tena! Ya njano, chini kabisa. Nimejikokota maili arobaini nzima, jasho linanitoka. Ikigeuka, moyo nao unageuka. Merle akanipita na pikapu lake. Akainua kidole kimoja kwenye usukani, salamu yetu sote huku, lakini chake kilikaa juu muda mrefu kuliko salamu.

Mkulima Novotny alikuwa ameketi juu ya mashine yake iliyokufa, anatazama mawingu ya mvua ya mawe. Akaniuliza kama hicho kipuri nimekileta kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nikamwonyesha ndege. Akasema ile ni ya mpwa wake, inanyunyizia mahindi dawa.

Jumatano, 10 Julai

Sikulala. Kila mlio ni ndege. LaVonne amesema hata friji nimeitazama vibaya.

Lakini mwerevu hakosi njia. Mkahawani nilimnunulia Tuttle pai, nikamchimba taratibu. Kumbe rubani hana mtambo wowote wa ajabu! Barabarani imechorwa mistari myeupe, robo maili kutoka mmoja hadi mwingine, na yeye anapima tu muda ambao gari linatumia kati ya mstari na mstari. Basi. Nitakimbia nipendavyo, nikifika kwenye mistari nitasimama katikati nipumzike kidogo, kisha niendelee. Kwa hesabu ya rubani nitakuwa mcha Mungu anayekwenda kanisani. Nimecheka peke yangu hadi mhudumu akaniuliza kama niko salama.

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya balaa.

Niliruka kama mshale, nikauvuka mstari wa kwanza, nikasimama kando. Ndege ya polisi, nyeupe, iko juu. Safi. Sikumaliza hata kushusha pumzi, pikapu likasimama nyuma yangu. Mkulima nisiyemjua anauliza kama nimeharibikiwa. Nikasema hapana. Hakuniamini, akafungua boneti. Akaja Bi. Opal, mjane wa jirani yetu, akanilazimisha kula kolache mbili, yale maandazi yenye jamu ya plamu, maana eti nimepauka. Wakaja ndugu wawili na minyororo ya kuvutia gari, kisha wengine zaidi. Huku kwetu hakuna mtu anayempita mwenzake aliyesimama barabarani. Nililijua hilo tangu utotoni. Mwenyewe nimeshasimama kuwasaidia watu mara ngapi! Kwenye hesabu zangu halikuingia.

Rubani naye, kuona magari saba yamezunguka moja, akadhani kuna mtu anakufa. Akaita gari la wagonjwa. La wagonjwa linaendeshwa na watu wa kujitolea, na zamu ilikuwa ya nani? Merle, na kizibao chake cha rangi ya chungwa.

Tuttle alifika, akaniuliza mbele ya wote kwa nini nilisimama hapo hasa, katikati ya mistari miwili. Nikaona leseni inapaa. Mkono wangu wenyewe ukaenda kifuani. Nikasema, "Kifua, afisa."

Merle akasema, "Lala chini, shemeji, usiongee." Nikalala.

Ijumaa, 12 Julai

Moyo ni mzima, asema daktari wa zahanati, ila hawezi kuidharau hali ya mtu aliyeshika kifua barabarani. Nisiguse usukani mpaka daktari bingwa wa moyo anipime. Bingwa huja hapa mara moja kwa msimu. Atakuja Septemba. Leseni ninayo mfukoni, safi, na haina kazi. Nimeogopa ndege wiki nzima, nimejimaliza mwenyewe nikiwa nimesimama. Inaniuma sana.

Merle alikuja kuchukua funguo za gari. Alileta maua.

Jumapili, 14 Julai

LaVonne amenipeleka kanisani kwa mwendo wa jeneza. Ndege nyeupe ilikuwa juu. Niliitazama tu, roho ikaanza kutulia, kisha akili nayo ikaamka.

Baada ya ibada nilimuuliza Tuttle, kama mazungumzo tu, iwapo sheria inadai leseni kwa trekta la shamba. Haidai. Na daktari alitaja gari, hakutaja trekta. Novotny anasema nyuma ya ghala lake kuna injini ya zamani ya ndege ya mpwa wake, imelala bila kazi. Tutaifunga kwenye trekta Jumanne. Rubani akiniona atadhani ni mwenzake ametua.