Shairi Nililolihakiki Bila Kulimaliza

Wandugu, leo nimejianika mchana kweupe. Nimeketi juu ya jiwe nje ya ukuta wa shule, nawaandikia upesi kabla jirani yangu Mama Brayo hajaniwahi. Bora mnisikie mimi mwenyewe.

Mnaonijua mnajua mimi ni fundi mitambo kiwandani, nakaa mtaa wa Tena, baba yake Faith wa Gredi ya Saba. Mnajua pia kwamba mke wangu yuko kwao Bungoma, amekwenda kusaidia kupalilia mahindi. Hivyo ndivyo nilivyowaambia. Niliwadanganya. Mahindi ya kwao yalishapaliliwa kitambo.

Ukweli ni kwamba mama mkwe alikuja kututembelea. Kwetu mama mkwe ni mtu wa heshima zake. Humtanii. Hata kumtazama usoni unapima. Sasa mimi, akili zangu hizi, nikaona nichangamshe meza. Nikamwambia chapati za binti yake zinataka msumeno. Nikacheka. Nilicheka peke yangu, tena kwa muda.

Kesho yake mama mkwe akafunga safari. Mke wangu akasema anamsindikiza. Kweli alimsindikiza, hadi Bungoma, na leo ni siku ya kumi na mbili. Nikipiga simu anapokea, anauliza kama Faith amekula, basi. Nami neno "nisamehe" kila nikilianza linanikwama kooni. Nyumba imepoa hadi mende wamehama. (Hilo la mende si baya.)

Sasa njooni kwenye shairi. Jumatano Mwalimu Rehema, anayemfundisha Faith Kiswahili, alitunga shairi lake mwenyewe akalituma kwenye grupu la wazazi. Kazi: hakiki shairi hili. Mnazijua kazi za nyumbani za siku hizi. Anapewa mtoto, anatoka jasho mzazi. Faith alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Lete hapa," nikamwambia.

"Baba, naweza."

"Najua unaweza. Lete."

Kiswahili mimi nilikuwa nakipasua. (Muulizeni yeyote niliyesoma naye. Msimuulize aliyenifundisha.) Nikafungua picha ya kwanza. Chini yake kulikuwa na picha nyingine, lakini bando lilikuwa linapumua kwa shida, nami nikadhani ni ileile imetumwa mara mbili. Grupu letu hutuma kila kitu mara mbili, hata rambirambi. Nikasoma:

*Mapema alishatoka, kabla hajaonja kula,*
*Sauti ikasikika, hakuna aliyelala,*
*Leo hapa pamefika, upweke unaonila,*
*Rudi nyumbani haraka, tangu juzi sijalala.*

Jameni! Nilihisi kama kuna mtu alikuwa amechungulia dirishani kwangu. Sauti ya asubuhi ndiyo hiyo ya mke wangu, inaamsha wapangaji wa ploti nzima. Kutoka kabla ya kula ni yeye. Na huyo asiyelala ni nani kama si mimi?

Nikaanza kuandika. Mishororo minne, basi ni tarbia. Mizani nane kwa nane, nilihesabu kwa vidole. Vina vya kati *ka*, vya mwisho *la*. Hapo ningeweka kalamu chini, ningekuwa mtu wa maana hadi leo. Lakini nikaingia kwenye maudhui. Wee! Kurasa tatu.

"Baba," Faith akaniambia, "mwalimu alisema kila jibu liwe na ushahidi."

"Ushahidi ninao," nikamjibu. "Ninao tele."

Leo asubuhi ulikuwa mkutano wa wazazi na walimu. Darasa limejaa, tumebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yangu yako karibu na masikio. Pembeni yangu Mama Brayo, jirani wa mlango wa pili, simu mkononi kama kawaida yake. Mwalimu Rehema akasimama na daftari moja.

"Wazazi wangu, tuambiane ukweli. Hizi kazi mnazifanya nyinyi. Lakini hii moja imenigusa. Mwenyewe asimame atusomee, halafu tuijadili."

Nikatambua jalada. Mtu mwenye akili angekohoa akatoka nje. Mimi nilisimama kabla hajamaliza, nikavuta koti, nikasafisha koo. Nilikuwa nangoja kupigiwa makofi!

Sehemu ya mizani ilipita vizuri. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Nikafungua ukurasa wa pili.

"Nafsineni," nikasoma, "ni mume ambaye mkewe ameondoka kwa hasira. Nafsinenewa ni huyo mke. Ameondoka kwa sababu mume alimkosea heshima mama mkwe wakati wa chakula."

Mwalimu akainua mkono, kwa upole kabisa. "Samahani, Baba Faith. Mama mkwe yuko ubeti wa ngapi?"

"Yuko..." Nikatazama daftari. "Amefichwa."

"Amefichwa. Haya, endelea."

"Mume anajutia maneno yake kuhusu chapati."

"Chapati ziko mshororo gani?"

Nikageuza ukurasa nikizitafuta. Nikasikia feni ya dari ikizunguka. Kisha Mama Brayo, ambaye hajui kunong'ona, akasema, "Ngai! Kumbe hakwenda kupalilia!"

Darasa likaanza kuguna. Nikajaribu kujiokoa. (Ndugu yangu, ukianguka kaa chini. Usijaribu kuinuka.)

"Mwalimu," nikasema, "mhakiki ana haki ya kusoma kati ya mistari."

"Ana haki," akasema, "akishaisoma mistari yenyewe. Baba Faith, ulifungua picha ya pili?"

"Picha gani ya pili?"

Alichukua karatasi yake akasoma ubeti wa mwisho, na nilimwona anauma mdomo asicheke:

"*Ewe kuku wa madoa, mwenye shingo ya kipara...*"

Ni kuku. Mwalimu alipotelewa na kuku wake, akamtungia shairi. Mimi nimelia kurasa tatu kwa ajili ya kuku, tena nimeandika kwa wino kwamba nafsinenewa "anasifika kwa uzuri wa shingo."

Walicheka hadi mlinzi wa lango akaja kuchungulia. Mzee mmoja alikuwa anapangusa machozi kwa karatasi ya ajenda ya mkutano. Faith, aliyekuwa amesimama mlangoni na wenzake, alijifunika uso kwa sweta. Hilo ndilo lililoniuma. Nikaketi. Hapo ndipo nikaona simu ya Mama Brayo imeelekezwa kwangu, na taa nyekundu inawaka. Akabonyeza, video ikaenda kwenye grupu la wazazi. Mke wangu yumo kwenye grupu hilo.

Sikufika mbali na lango, simu ikaita. Ni yeye.

"Baba Faith, umenifananisha na kuku?"

"Sikujua ni kuku."

"Shingo ya kipara?"

"Nilikuwa sijafika hapo!"

Nikasikia kama anacheka, au analia, kwa simu hujui. Kisha akasema taratibu:

"Nimesikiliza mara tatu. Umeandika majuto, umeandika upweke, umeandika mpaka vina. Unakumbuka lile swali la mwisho kwenye mtihani wa ushairi? Andika ubeti kwa lugha nathari."

"Nakumbuka."

"Basi nijibu hilo. Bila mapambo."

Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu ila mama anayeuza ndizi.

"Nilikosea," nikasema. "Nisamehe. Rudi nyumbani." Na koo halikukwama.

"Hiyo ni sahihi," akasema. "Lakini kwa zile chapati hukunikosea mimi peke yangu. Mama yuko hapa, umsomee na yeye. Akikupa alama, nakuja Jumamosi."

Akakata, akanitumia namba mpya ya mama mkwe. Nimeipiga sasa hivi. Inaita. Tafadhalini msicheke kwa sauti, amepokea.